Maua ya Sebuleni Yanapotoka Nje: Mwongozo kwa Kaya za Karatu na Ngorongoro

Agosti inapoelekea ukingoni, baridi ya Karatu huanza kulegea. Masweta ya asubuhi yanapungua njiani, na watu wanayakumbuka maua waliyoyaingiza ndani mwezi wa sita. Yamerundikana karibu na dirisha, mashina yamepinda kuufuata mwanga, majani yamejaa vumbi. Jumamosi yanabebwa yote kwa mpigo hadi barazani, yanamwagiwa ndoo ya maji, na mwenye nyumba anaridhika. Wiki haijaisha, majani yana mabaka meupe. Majirani wanatoa hukumu: baridi ilikuwa bado haijaondoka.

Baridi inasingiziwa. Kinachoharibu maua mengi yanayotolewa nje huku kwetu, kuanzia Daa hadi Rhotia, ni jua. Maelekezo tunayosoma kwenye simu yanatutisha kwa baridi kwa sababu yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako ua hutolewa nje mwezi Mei na jua la mchana halifiki utosini mwaka mzima. Mei yetu ndiyo mlango wa kipupwe. Nalo jua letu lina tabia zake, na ukizijua hizo, kazi iliyobaki ni ya mikono tu.

Karatu mjini ni takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Kila unapopanda mita 1,000, mionzi mikali ya jua huongezeka kwa karibu asilimia 10. Zaidi ya hapo, tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 12 Machi, na tena siku za mwanzo za Oktoba. Angalia mtego uliopo hapo. Usiku wetu unapata joto la kutosha kwa maua kutoka nje katika Septemba, na wiki chache baadaye jua liko wima juu ya paa. Ukichelewa kuyazoesha, unayatoa kwenye tanuri.

Hatua ya kwanza: yagawe mafungu matatu

Usiyahesabu maua yote kuwa ni kitu kimoja kwa sababu yamekaa dirisha moja. Fungu la kwanza ni wapenda jua: krotoni, bogonvilia, mshubiri, kaktasi, na sansivieria, ile ya majani marefu yaliyosimama yenye kingo za njano. Hawa wakishazoea watakaa juani kutwa, na rangi zao zitakolea. Krotoni iliyokuwa kijani tupu ndani ya nyumba hurudisha wekundu na manjano kwenye majani yake mapya.

Fungu la pili ni wale wanaotaka mwanga mwingi lakini si jua la mchana. Humu wamo monstera, mani planti, fikasi, diefenbakia na drasena za kila namna. Masale ya Wachaga, yale yanayopandwa mipakani na kupelekwa kwa mtu anapoombwa msamaha, nayo ni drasena, kwa hiyo jamii hii si ngeni katika milima yetu. Wenzao hawa ni wa msituni. Wamezoea kupata jua linalochujwa na matawi ya miti mirefu.

ZZ, ambayo siku hizi iko kila ofisi na kila mapokezi ya hoteli, iweke fungu hilohilo. Wengi hudhani imetoka Ulaya kwa sababu vitalu vya Uholanzi ndivyo vilivyoitangaza duniani miaka ya 1990. Kwao ni mashariki na kusini mwa Afrika, Zanzibar ikiwemo. Chini ya udongo ina viazi vinavyohifadhi maji, na ndiyo maana ukame hauiui kwa urahisi kama maji ya kila siku.

Fungu la tatu ni wa kivuli tu: makangaga, kalathea, begonia za majani na Saintpaulia. Hii ya mwisho ni mwenzetu kabisa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Usambara, aliipeleka kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaipa jina la ukoo wa mtawala huyo. Leo inauzwa madirishani dunia nzima. Lakini katika misitu ya Tanga inaota kwenye miamba yenye unyevu, chini ya kivuli kizito. Ushauri wangu ni mfupi: Saintpaulia iache ndani. Haina inachokifuata nje ya nyumba ya Karatu mwezi Septemba, kwenye vumbi na upepo.

Hatua ya pili: soma kivuli kabla ya kubeba chungu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami naona ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

Anza na pande za nyumba. Baraza inayotazama mashariki ni bora kupita zote, kwa kuwa inapata jua la asubuhi, ambalo ni laini, kisha inaingia kivulini. Inayotazama magharibi ni mbaya: jua la alasiri linaikuta hewa imeshapata joto na ukuta umeshachemka. Hizo mbili hazibadiliki sana mwaka mzima.

Kaskazini na kusini ndizo zinazobadilishana zamu. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, jua la mchana liko upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo baraza ya kusini ina kivuli. Kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi linahamia kusini. Mtu anatoa monstera yake mwezi Septemba, anaiweka baraza ya kusini, inastawi vizuri. Novemba inaungua, na yeye hajaisogeza hata shubiri moja. Ua halikuhama, jua ndilo lililohama. Kama baraza yako ni ya kusini, weka alama kwenye kalenda: ikifika Oktoba, sogeza vyungu nyuma karibu na ukuta, au tundika neti ya kivuli.

Tazama pia saa. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Karatu iko karibu na nyuzi 36. Kwa hiyo jua letu halifiki kileleni saa sita kamili bali karibu saa sita na nusu mchana. Muda wa hatari uhesabu kuanzia saa nne na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Kipimo cha mwanga hakihitaji mashine. Weka karatasi nyeupe mahali unapotaka chungu kikae, kisha inua kiganja shubiri moja na nusu juu yake. Kivuli kikiwa na kingo kali, kila kidole kinaonekana, hapo ni mahali pa fungu la kwanza. Kivuli kikiwepo lakini kingo zimefifia, ni mahali pa fungu la pili. Kama kivuli ni cha kubahatisha tu, weka makangaga. Rudia jambo hilo asubuhi, mchana na alasiri, maana mahali penye kivuli saa mbili panaweza kuwa jangwa saa saba.

Miti nayo ichague. Mgrevilea, ambao umejaa katika mashamba ya kahawa ya Oldeani na mipakani mwa viwanja vyetu, una majani yaliyokatikakatika na unachuja jua vizuri sana. Mparachichi una kivuli kizito, unafaa kwa fungu la tatu. Mkaratusi ukwepe, kwa kuwa unapukutisha magome na majani makavu, na kivuli chake ni cha kuhamahama. Usiweke chungu chini ya mnyaa pia: utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho, na utainama hapo kila siku kumwagilia.

Hatua ya tatu: subiri usiku, usisubiri mchana

Mchana wa Karatu hudanganya. Hata Julai kuna siku jua linawaka saa nane hadi unavua koti. Kinachoamua ni usiku. Maua mengi ya nchi za joto huanza kuumia usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na yanaacha kukua hata kabla ya hapo. Subiri hadi usiku ubaki juu ya nyuzi 13 kwa wiki nzima mfululizo. Kwa watu wa Karatu mjini hiyo kwa kawaida ni Septemba. Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, iko chini sana na ni ya joto, na huko maua mengi hayana haja ya kuingizwa ndani hata kipupwe. Wanaofanya kazi na kuishi ukingoni mwa kreta, kwenye ukungu na umande wa baridi, watoe fungu la kwanza mchana tu, au wasitoe kabisa.

Kama huna kipimajoto, nunua kile cha ukutani kisha kitundike nje, si sebuleni, mahali pasipopigwa na jua. Kisome alfajiri kabla jua halijachomoza, kwa sababu hapo ndipo baridi inapofikia kilele chake.

Hili linawahusu pia wanaonunua maua safarini. Ua lililokaa kitaluni Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, linapanda mita mia kadhaa kwa nusu saa ya gari. Likifika nyumbani lisiunganishwe na mengine siku hiyohiyo. Lipe wiki mbili peke yake ndani, kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya wadudu linaoweza kuwa limebeba.

Hatua ya nne: kagua na kuosha

Siku moja kabla ya kutoa, geuza kila jani. Vidung'ata hujificha kwenye maungio ya jani na shina, wanafanana na pamba nyeupe. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, na rudia baada ya wiki kwa sababu mayai hayaishi mara moja. Utitiri mwekundu huacha vidoadoa vya manjano na utando mwembamba chini ya jani. Unapenda hewa kavu, na kuoshwa na maji tu huupunguza sana. Osha jioni au asubuhi kabisa. Jani lenye sabuni likipigwa na jua linaungua.

Usibadilishe chungu wiki hii. Mizizi ikiguswa na majani yakihamishiwa mwanga mpya kwa wakati mmoja, ua linapata misiba miwili. Kama chungu kimekuwa kidogo, toa ua nje kwanza, lizoee, kisha baada ya mwezi uhamishe. Udongo mwekundu wa Karatu ni mzuri shambani, lakini ukiujaza peke yake kwenye ndoo hushikana na kukataa kupitisha maji. Changanya sehemu mbili za udongo, moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza hadi haina harufu, na moja ya mchanga wa mto. Toboa ndoo chini. Matundu manne au matano, si moja.

Hatua ya tano: toa kidogo kidogo

Mwanga wa jua kali la mchana unafika lux 100,000. Ndani ya sebule, mita mbili kutoka dirishani, mara nyingi haufiki 1,000. Jicho letu linajirekebisha haraka kiasi kwamba tofauti hiyo hatuioni; jani haliwezi. Jani lililokulia ndani ni pana na jembamba, limejengwa ili likusanye kila chembe ya mwanga iliyopo. Ukiliweka juani ghafla, linapokea nguvu nyingi kuliko linavyoweza kuzitumia, na ule ukijani wenyewe unavunjika.

Litazame jani la monstera lililoungua. Siku ya kwanza huoni kitu. Siku ya pili kijani kimepauka katikati ya mishipa. Siku ya tatu au ya nne baka limekuwa la rangi ya maziwa, kisha kahawia, na ukilibonyeza linasagika. Pale jani moja lilipolifunika jingine, utaona umbo la lile la juu limebaki kijani, limechorwa sawasawa juu ya la chini. Huo ndio ushahidi wa jua. Baridi haichori. Jani lililopigwa na baridi huwa jeusi, laini na lenye majimaji, nalo hulegea lote. Ukizijua alama hizi mbili hutabishana tena na majirani.

Ratiba inayofaa ni hii. Siku nne za kwanza, vyungu vya fungu la pili na la kwanza vyote vikae nje kutwa lakini chini ya upenu, mahali panapoonekana anga bila jua kugusa jani. Usiku virudi ndani kama hewa bado ina ubaridi. Kuanzia siku ya tano, vipe jua la saa moja hadi saa mbili asubuhi, kisha virudi kivulini. Kila baada ya siku mbili au tatu ongeza nusu saa. Ukifika saa nne asubuhi, fungu la pili limefika mwisho wake. Liache hapo kwa msimu wote. Fungu la kwanza liendelee kuongezewa hadi baada ya wiki tatu au nne liweze kukaa juani mchana kutwa. Fungu la tatu lisitoke kivulini hata siku moja.

Ukipata siku za mawingu, zitumie kuanzia kazi hii. Lakini usidanganyike na wingu la asubuhi, kwani ukungu unaoshuka kutoka msitu wa Ngorongoro mara nyingi huondoka saa tatu au saa nne na kuacha anga tupu.

Kwa mtu anayetoka kazini jioni, kubeba vyungu kuingia na kutoka hakuwezekani. Basi asibebe. Aweke vyungu upande wa mashariki, na badala ya kuvisogeza vyungu asogeze kivuli: neti ya kivuli ya asilimia 50 hadi 70 kutoka duka la pembejeo, au hata kanga kuukuu iliyofungwa kwenye nguzo mbili, huku akiikunja kidogo zaidi kila wiki.

Angalizo la bati. Baraza nyingi zetu zimeezekwa bati lisilo na dari. Ua lililotundikwa karibu na bati hilo halipati jua, lakini mchana linapikwa kwa joto linaloshuka kutoka juu. Lishushe hadi usawa wa kiuno. Sakafu ya saruji nayo huhifadhi joto, kwa hiyo weka vyungu juu ya ubao au matofali.

Majani machache ya zamani yatapauka hata ukifuata yote haya. Usiyakate yote kwa hasira, maana sehemu iliyobaki kijani bado inalisha ua. Ngoja majani mapya. Hayo yaliyozaliwa nje yatakuwa madogo kidogo, mazito, yaliyokaza, na hayo ndiyo yatakayobeba ua msimu mzima.

Hatua ya sita: maji

Nje, ua linakunywa zaidi. Upepo mkavu wa Septemba na Oktoba hukausha chungu kidogo kwa siku moja. Ingiza kidole hadi kifundo cha pili: pakiwa pakavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, pakiwa na unyevu, acha. ZZ, mshubiri na sansivieria zisubiri hadi udongo ukauke wote. Mwagilia asubuhi. Maji ya jioni katika nyanda za juu hulala na ubaridi kwenye mizizi usiku kucha.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko kiasi cha maji, nalo ni yaliyomo ndani yake. Kaskazini mwa Tanzania, Arusha ikiwa mstari wa mbele, maji mengi ya ardhini yana floraidi kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kwa maji ya kunywa, na visima vingi vya kanda hii vinakipita. Ndiyo maana Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto, wilayani Arumeru, ambako wanachuja kwa mkaa wa mifupa. Meno ya kahawia tunayajua wote. Wachache wanajua kwamba drasena na klorofitamu, ile ya majani membamba yenye mstari mweupe inayoning'iniza watoto wake, nazo huugua floraidi. Ncha za majani hukauka, zinakuwa kahawia, na kahawia hiyo inapanda taratibu. Watu huongeza maji wakidhani ni ukame, na kwa kuongeza maji wanaongeza floraidi.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, na kwa hiyo inazidi kukolea. Dawa ni maji ya mvua. Tenga pipa moja kwa ajili ya maua, acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga zinazofuata. Kama huna mengi, yagawe kwa drasena na klorofitamu peke yake, mengine yaendelee na maji ya bomba. Na mbolea za fosfati, ambazo mara nyingi huwa na floraidi ndani yake, zitumie kwenye mahindi. Drasena ya chungu ipe samadi iliyooza.

Hatua ya saba: upepo, vumbi, na wenye miguu

Vumbi jekundu la Karatu kiangazi kinapokaza hufunika majani hadi yanabadilika rangi. Jani lenye vumbi linapata mwanga mdogo na linapumua kwa shida. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu mara moja kwa wiki, na ukiwa jirani na barabara ya vumbi, mara mbili. Mimea mirefu ifunge kwenye mti, au weka vyungu vyake ndani ya vyungu vizito ili upepo usiviangushe.

Kuku watachakura udongo wa chungu siku ya kwanza tu. Panga mawe madogo juu ya udongo, yakibanana. Mbuzi ni habari nyingine: hakuna ujanja isipokuwa uzio au kimo. Na hapo usifikirie maua peke yake. Diefenbakia, monstera na mani planti zina vijiwe vidogo sana vyenye ncha kali ndani ya majani, na anayetafuna, awe mbuzi au mtoto anayetambaa, huvimba mdomo na ulimi. Ziweke juu. Ukikata diefenbakia, vaa glavu, na usijiguse macho. Mtoto akitafuna, msuuze mdomo kwa maji na umpeleke kituo cha afya.

Kaya zinazopakana na msitu, upande wa Oldeani na Rhotia, zina nyani pia, ambao hung'oa ua kwa udadisi tu na kulitupa. Wenye uzoefu hurudisha vyungu ndani wanapoondoka nyumbani. Tembo akitoka msituni, huo si tena mwongozo wa maua.

Hatua ya nane: vuli ikija

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za vuli kabla ya msimu kuanza. Usikilize, kwa sababu mvua hizo huwa na sura tofauti mwaka hadi mwaka. Zikianza kunyesha, ondoa visahani vyote chini ya vyungu. Kisahani kilichojaa huozesha mizizi na kulea mbu. ZZ, mshubiri na kaktasi zirudi chini ya paa, hata kama zimeshazoea jua. Makangaga yatafurahi kuliko wote. Mvua ya mawe ikitisha, ingiza monstera kwanza, maana jani lililotoboka kwa mawe halizibiki.

Hatua ya tisa: kurudisha ndani

Usisubiri baridi ikuamuru. Wiki ya mwisho ya Mei, kabla usiku haujarudi chini ya nyuzi 13, anza kurudisha kwa utaratibu uleule kinyume chake: wiki moja chini ya upenu, kisha ndani karibu na dirisha. Kagua wadudu tena, na safari hii ukague zaidi, kwa kuwa chungu kilichokaa nje miezi minane kina wapangaji. Chungu kidogo kizamishe ndani ya ndoo ya maji kwa robo saa. Sisimizi watapanda juu wenyewe. Majani kadhaa yatadondoka, hasa ya fikasi, kwa sababu mwanga umepungua. Punguza maji, usitie mbolea hadi Septemba.

Mwisho, matawi unayoyakata na maua unayoyachoka. Usiyatupe korongoni wala nyuma ya uzio wa msitu. Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, tayari inapambana na mimea vamizi, na bustani za nyumba na hoteli ni mojawapo ya njia ambazo mimea hiyo hupitia. Lantana ililetwa kama ua la kupendeza. Dungusi kakati ililetwa kama uzio. Mani planti ukitupa kipande chenye kifundo kimoja mahali penye unyevu, kinaota. Vikate vipande vidogo, vikaushe juani juu ya bati hadi vife kabisa, ndipo uviingize kwenye shimo la mboji. Na ukimpa jirani mche, mwambie naye afanye hivyo.